Mlemavu Anapofikia Uzee: Historia ya Msaada Uliosahau Umri

Ibara ya 49 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inawaweka watu wawili katika sentensi moja: mtu mwenye umri mkubwa na mtu mwenye ulemavu. Wote wawili, yasema ibara hiyo, wana haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya maadili. Ni sentensi njema. Lakini anayeisoma kwa jicho la mwanaisimu huona kiunganishi kidogo «na» kimesimama kati ya watu hao kama ua kati ya nyumba mbili. Mzee yuko upande huu, mlemavu yuko upande ule. Je, yule aliyelemaa miguu akiwa na umri wa miaka 3, na leo ana miaka 65, anakaa katika nyumba ipi?

Hilo ndilo swali la makala haya. Historia ya watu wenye ulemavu katika nchi yetu imekwisha kuguswa na madaktari, wamisionari na wanaanthropolojia. Lakini karibu wote walimtazama mlemavu kama mtoto wa kutibiwa au kijana wa kufundishwa ufundi. Sisi tunataka kumfuata mpaka mwisho wa njia yake.

Tuanze na majina, kwani mahali ambapo nyaraka ni chache, msamiati nao ni hifadhi ya kumbukumbu. Neno la zamani ni kilema, na kamusi kubwa mbili za mwaka 1939, ile ya Johnson na ile ya Padri Sacleux, zinalijua. Linataja kasoro ya mwili na pia mtu mwenye kasoro hiyo. Shina lake si la pwani peke yake. Waganda husema omulema, Wanyarwanda ikirema, Wasonge wa Kasai bilema katika wingi. Na sisi wa Katanga na Kivu, ambao kiambishi cha wingi midomoni mwetu ni bi-, tunasema bilema vilevile bila kukopa kwa mtu. Katika Kilingala neno hili limepanda kutoka mguuni hadi kichwani: elema ni mpumbavu. Msomaji na aikumbuke safari hiyo ya maana, kwa kuwa kuna watu wengi ambao waliteguka nyonga tu wakahesabiwa kuwa wameteguka akili.

Mlemavu ni umbo jingine. Limetoka katika kitenzi lemaa kwa kiambishi -vu, kama vile mpotevu alivyotoka katika potea na mvumilivu katika vumilia. Siku hizi waandishi wengi huchagua «mtu mwenye ulemavu», ili mtu atangulie na hali ifuate. Mitaani, kuanzia Kolwezi hadi Uvira, neno lisikikalo zaidi ni andikape, Kifaransa kilichokwisha kuvalishwa silabi za Kibantu.

Wako wenzetu waliodai kwamba kiambishi ki- katika kipofu, kiziwi, kiwete na kibiongo ni ushahidi wa dharau, kwa maana kinamshusha mtu katika ngeli ya vitu. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Kiongozi naye yumo katika umbo hilo, na kijana, na kinyozi. Tena upatanisho wa kisarufi unakataa tuhuma hiyo: hakuna asemaye «kipofu kimefika», bali «kipofu amefika». Jambo linalotuvuta ni lingine. Katika kapu hilohilo tunamkuta kizee, tunamkuta na kikongwe. Lugha ilikuwa imewaketisha mkeka mmoja, yule aliyechoka mwili kwa umri na yule aliyepungukiwa kiungo, zamani sana kabla ya wabunge kuandika ibara yoyote.

Hata hivyo kikongwe si mzee. Ukongwe ni hali ya mifupa, lakini uzee ni cheo. Wakongo walimwita Laurent-Désiré Kabila Mzee, na hakuna aliyekusudia kutaja magoti yake. Ili mtu aitwe mzee katika ukoo alipaswa kuwa ametoa mahari au ametolewa mahari, kuzaa, kujenga, kusuluhisha ugomvi wa watu. Mlemavu aliyenyimwa ndoa alikuwa na njia moja tu mbele yake: kuwa kikongwe bila kuwahi kuwa mzee. Na kwa vile msaada wa uzeeni ulifuata cheo hicho, kwa kupitia watoto, wakwe na wajukuu, kunyimwa ndoa ujanani kulikuwa ni kunyimwa chakula na kuni miaka 40 baadaye. Hapa ndipo mzizi wa tatizo letu ulipo.

Tusije tukadhani kwamba mambo yalikuwa hivyo kila mahali. Mbelgiji Patrick Devlieger, aliyechunguza Wasonge, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1995 kwamba watu hao waliwagawa watoto wasio wa kawaida katika makundi matatu. Baana ba mishinga, kama mapacha au waliozaliwa kwa kutanguliza miguu, walipewa heshima na miiko yao. Baana ba malwa, miongoni mwao wenye ualbino, walihesabiwa kuwa wageni wa ulimwengu mwingine ambao hawakutarajiwa kukaa sana. Baana ba bilema, wenye mikono au miguu iliyopinda, hawakutengwa wala hawakutukuzwa: walikuwa watoto wa nyumbani. Swali kubwa la wazazi kwa habari yao halikuwa «tumfanyie nini?» bali «ni kwa sababu gani?», na jibu lilitafutwa katika mahusiano, katika mahari isiyokamilika, katika mizimu iliyosahauliwa, katika uchawi wa jirani. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na nafasi ya kuzeeka. Kwa kundi la pili hata swali la uzee halikuulizwa.

Methali inayojulikana pwani na bara, «kabla hujafa hujaumbika», huchukuliwa kwa kawaida kama onyo kwa anayemcheka kilema. Sarufi yake inasema zaidi ya onyo. Umbika ni kitenzi cha kutendeka, nayo hali ya «hujaumbika» inaeleza kazi ambayo haijakamilika: mwili ungali mikononi mwa mfinyanzi. Aliyezaliwa mzima anaweza kupinda kesho. Lakini methali ina upande wa pili ambao hautajwi sana, nao ni kwamba hata aliyekwisha kupinda hajakamilika. Ulemavu wake nao unaendelea kufinyangwa. Kosa la vituo na serikali lilikuwa kuudhani ulemavu kuwa ni chungu kilichokwisha kuchomwa.

Ukoma unatupa mfano wa kwanza. Hansen alikiona kijidudu chake huko Bergen mwaka 1873, lakini kwa miaka mingi ujuzi huo haukuzaa dawa, ulizaa utengano tu. Katika Kongo ya Wabelgiji wagonjwa walikusanywa katika vijiji vyao peke yao, chini ya misheni, serikali au Msalaba Mwekundu. Kijiji kilichojulikana zaidi duniani ni Yonda, karibu na Mbandaka, ambako Daktari Michel Lechat alifanya kazi, na ambako mwandishi Mwingereza Graham Greene alifikia mwanzoni mwa mwaka 1959 akikusanya habari za riwaya yake A Burnt-Out Case. Jina la riwaya lilitoka katika msamiati wa madaktari wenyewe: mgonjwa ambaye ugonjwa umekwisha kujiteketeza ndani yake, hana tena cha kuambukiza, lakini vidole vimekwisha kwenda. Ameponywa, na hana pa kurudi.

Dawa ya dapsoni ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa tatu kwa pamoja, rifampisini, klofazimini na dapsoni, na matibabu yakawa ya miezi badala ya maisha. Mwishoni mwa mwaka 2007 nchi yetu ilitangazwa kuwa imevuka kizingiti: wagonjwa walikuwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Ni ushindi ambao hatuna sababu ya kuupunguza. Lakini tuangalie jinsi hesabu ilivyofanywa. Mgonjwa huandikwa katika daftari anapoanza dawa, akimaliza hufutwa. Mwenye vidole vilivyokatika na nyayo zisizosikia maumivu hakuwa tena mgonjwa, wala hakuwa na daftari lingine la kuandikwa. Alifutwa akiwa hai.

Na huyu ndiye aliyebaki kuzeeka. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India tangu miaka ya 1940, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya uharibifu wa mikono na miguu ya wakoma hailetwi na kijidudu chenyewe, bali na kukosa maumivu: mtu anashika sufuria ya moto asijue, anakanyaga msumari asisikie. Ndiyo maana aliyeponywa hufundishwa kuloweka miguu kila siku, kuipaka mafuta, na kuikagua jioni, unyayo kwa unyayo, kutafuta jeraha ambalo mwili haukulitangaza. Macho yanachukua kazi ya ngozi. Mpango huo unafaa sana kwa mtu wa miaka 30. Kwa mtu wa miaka 70 macho yenyewe yana mtoto wa jicho, na ukoma huenda ulikwisha kulegeza kope zisifumbe vizuri, jicho likakauka na kupata vidonda. Mgongo nao haukunji tena kumwezesha kuuona unyayo wake. Anahitaji jicho la mtu mwingine. Lakini watu wake aliwaacha zamani, siku alipopelekwa kijijini kwa wakoma.

Upande wa Tanzania kijiji cha Nunge huko Kigamboni, kilichoanza kama makao ya wakoma, kiligeuka baadaye kuwa makazi ya wazee na wasiojiweza. Katika jina hilo tunakuta tena ndoa ileile ya ibara ya 49, lakini safari hii mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili bila kuruka ua. Neno «wasiojiweza» hata hivyo halitupendezi. Kiambishi -ji- kinaufungia uwezo ndani ya mwili wa mtu, kana kwamba yuko binadamu aliyewahi kujiweza peke yake.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni polio. Hapa nchi yetu ina nafasi ya pekee katika historia ya tiba, na nafasi hiyo haikutusaidia. Kati ya Februari na Aprili 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 200,000 walipewa chanjo ya kumeza ya Koprowski, chini ya usimamizi wa maabara ya Stanleyville iliyoongozwa na Daktari Courtois. Ilikuwa miongoni mwa kampeni kubwa za kwanza za chanjo hai ya polio duniani. (Mwandishi Edward Hooper alidai mwaka 1999 kwamba chanjo hiyo ndiyo iliyoleta Ukimwi, mabaki ya chanjo yalipopimwa baadaye hayakuonyesha jambo hilo, na hatuna haja ya kukaa hapo.) Kisha ukaja mwaka 1960, madaktari wakaondoka, vita vikafuata, na chanjo ya mpango kwa watoto wote ikasubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Watoto waliozaliwa katika pengo hilo, na wengi waliowafuata wakati friji za zahanati zilipokosa mafuta, walikuwa windo la virusi. Katika kila watoto 200 hivi wanaoambukizwa, mmoja hupooza kabisa. Virusi vya porini vilionekana nchini kwa mara ya mwisho mwaka 2011, na Afrika ikatangazwa huru navyo tarehe 25 Agosti 2020, ingawa aina itokanayo na chanjo yenyewe imeendelea kuwapooza watoto wetu.

Kizazi cha pengo sasa kina miaka kati ya 45 na 65. Kililelewa wapi? Baadhi walipata vituo: Heri Kwetu huko Bukavu, Shirika la Umoja huko Goma, Village Bondeko huko Kinshasa. Tunapenda kusimama kidogo kwenye majina haya. Heri, kwetu, umoja, udugu: yote ni maneno ya ukoo, yaliyochaguliwa na vituo kwa kuwa vilijua vinachukua nafasi ya ukoo. Upasuaji wa kunyoosha magoti, vyuma vya miguu, magongo, darasa, cherehani, useremala. Kazi hiyo iliokoa maisha ya maelfu, na asiyekubali hivyo hajawahi kumwona mtoto aliyekuwa akitambaa akisimama. Ila ilikuwa kazi yenye mwisho. Kijana alitoka na ufundi na magongo yake, jina lake likafungwa katika jalada. Vyuma vilipimwa kwa mguu wa miaka 16.

Wengine hawakupata kituo, au ufundi wa kituo haukuwalisha, na hapo wakabuni kazi yao. Katika Beach Ngobila, tangu zama za Mobutu, wasafiri wenye ulemavu walipewa nafuu ya nauli na ushuru kati ya Kinshasa na Brazzaville. Nafuu iliyotolewa kama huruma ikageuzwa kuwa biashara: baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono ilibeba sabuni, vitambaa na sukari chini ya kiti, na wazima wa mwili wakawa wasukumaji waliolipwa na mlemavu. Mfano huo tuliuona pia mashariki, katika Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi. Kwa mara ya kwanza watu hawa waliweza kutoa mahari, kujenga, kulea yatima, kuajiri. Yaani waliweza kuanza safari ya kuwa wazee, si vikongwe tu. Tunaona hili ni tukio kubwa katika historia ya jamii yetu, nalo halikuletwa na sheria wala na misheni.

Lakini biashara hiyo ilisimama juu ya kitu kimoja: mabega. Aliyepooza miguu huendesha kwa mabega, hupanda kitandani kwa mabega, huinua gunia kwa mabega. Kama macho ya mkoma yalivyoikopesha ngozi, ndivyo mikono ya aliyeugua polio ilivyoikopesha miguu, kwa miaka 40 bila siku ya mapumziko. Bega la binadamu halikuumbwa kutembea. Baada ya miaka mingi kano zinachanika, na maumivu yanaanza usiku. Tena mapigo mengine yalikuja kutoka nje: Wakongo walipofukuzwa kwa wingi kutoka Brazzaville mwaka 2014, na mipaka ilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona. Kijana angeweza kusubiri mpaka ufunguliwe. Mwenye miaka 58 na bega moja lililokwisha alikuta, ulipofunguliwa, kwamba nafasi yake imechukuliwa.

Katika Katanga kulikuwa na njia ya tatu, na wasomaji wetu wa Lubumbashi wanaijua kuliko sisi tunavyoweza kuieleza. Union Minière, na baada ya mwaka 1967 Gécamines, ilimchukua mfanyakazi pamoja na mwili wake: hospitali, posho ya unga, shule, nyumba. Aliyepondwa mguu mgodini alibaki mtu wa kampuni. Sheria ya tarehe 29 Juni 1961 ilikuwa imeanzisha pia taasisi ya taifa ya usalama wa jamii, ikiwa na mafungu ya pensheni na ya ajali za kazini. Tatizo halikuwa maandishi. Mwezi Oktoba 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Tarehe 30 Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Mjane au kiwete ambaye haki yake ilikuwa imehesabiwa katika fedha ya kwanza na afanye mwenyewe zoezi hilo la kugawanya. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, wengi wao wenye umri mkubwa, waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa malipo ya mara moja. Pamoja na mshahara walipoteza hospitali ya kampuni. Kwa mwenye mguu wa bandia hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa mguu wenyewe.

Sheria zimeongezeka. Mwaka 2015 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ikatangazwa Sheria ya kikaboni namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki hizo. Mwanasheria atazichambua. Sisi tunarudi katika shamba letu, ambalo ni maneno, kwa kuwa lipo neno moja linalokosekana na ukosefu wake unaumiza watu.

Tangu mwaka 1875 madaktari wa Paris, katika mazingira ya Charcot, walikuwa wameandika habari za mtu aliyeugua polio utotoni ambaye miaka mingi baadaye misuli yake, hata ile iliyokuwa salama, ilianza kudhoofika upya. Leo inajulikana kwamba hali hiyo huweza kuja kati ya miaka 15 na 40 baada ya ugonjwa wa kwanza: uchovu mzito, maumivu ya viungo, kushindwa kupumua vizuri usingizini. Virusi havijarudi. Ni neva zilizobaki, zilizofanya kazi ya zile zilizokufa, ndizo zinazochoka. Kifaransa na lugha nyingine za tiba zina jina kwa hali hii. Kiswahili cha zahanati zetu hakina jina lililozoeleka. Kwa hiyo muuguzi humwambia mgonjwa: «Baba, ni uzee,» au wakati mwingine humwambia ajitahidi zaidi, afanye mazoezi kama alivyofundishwa kituoni alipokuwa mtoto. Shauri hilo la pili ni baya kuliko la kwanza, maana misuli hii huharibika zaidi kwa kulazimishwa. Inahitaji kupumzishwa, kazi igawanywe katika vipande vya siku, gongo ligeuzwe kiti cha magurudumu kabla bega halijachanika.

Majina mawili yamependekezwa katika mazungumzo ya idara. La kwanza ni «polio ya marudio», nasi tunalikataa, kwa sababu litawafanya jirani na wakwe waogope kuambukizwa na mtu ambaye hana cha kuambukiza. La pili ni «uchovu wa baada ya polio». Ni refu, na neno uchovu ni jepesi mno kwa mtu ambaye hawezi tena kujigeuza kitandani. Tungependelea «udhaifu wa baada ya polio», lakini kabla ya kulipeleka kwa watunga kamusi tunawaomba wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaokwenda likizo Uvira, Goma, Likasi na Kalemie wawaulize wenyewe, akina baba na akina mama wa magurudumu matatu, wanaiitaje hali hii wanapozungumza wao kwa wao. Huenda neno lipo tayari.